Ualimu wa sanaa unaua mkono wa mchoraji? Jibu langu

Mtoa mada amemaliza kidato cha sita, anapenda kuchora, na anaogopa kwamba akisomea ualimu wa sanaa ndiyo basi tena. Mkuu, mimi nafundisha sekondari huku Kilimanjaro, na bado nachora na kuuza.

Mtazame mchoraji Sam Ntiro, mtoto wa Machame, huku huku Kilimanjaro. Alisoma Makerere kwa Margaret Trowell, mama wa Kiingereza ambaye hakutaka wanafunzi wanakili picha za Ulaya: aliwasimulia jambo, kila mmoja achore anavyoliona kichwani. Ntiro akaenda Slade, chuo cha sanaa cha London, miaka ya 1950, akarudi kufundisha Makerere. Ungedhani angerudi na mambo ya Kizungu. Wapi, aliendelea na migomba yake na watu wa kijijini wakiwa kazini. Picha yake ya 1956, wanaume wakipeleka mbege (pombe ya ndizi) kwa bibi harusi usiku, ilinunuliwa na Museum of Modern Art ya New York mwaka 1960. Na huyo alikuwa mtu wa chaki.

Sasa darasani. Waambie kidato cha pili wachore mgomba, wote watachovya kijani cha kwenye kopo na kujaza. Mimi huwatuma nje walete majani: changa, lililokomaa na kavu. Tunayapanga dirishani, tunachanganya rangi. Changa linakula njano. Lililokomaa linataka buluu na tone la nyekundu ili kijani kitulie. Halafu anazuka mmoja: "Mwalimu, mbona kwenye kivuli naona zambarau?" Lazima umjibu, na jioni ukishika brashi swali lile bado liko nawe. Picha zangu za zamani vivuli vyote ni vyeusi tii. Za sasa, nyeusi utaitafuta. Chuoni hakuna aliyenifundisha hilo.

Kinachomaliza mchoraji ni kubebeshwa vipindi vya masomo mengine eti sanaa ni somo jepesi, na bei ya vifaa. Kanvasi za dukani achana nazo: wamba kitambaa cha marekani kwenye fremu, paka gundi ya mbao iliyozimuliwa, ikikauka piga rangi nyeupe ya ukutani mara mbili, sugua kwa msasa.

Ukitaka mkono zaidi kuliko makaratasi, angalia TaSUBa, ile Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Ukitaka shahada, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana sanaa. Ila weka kwanza kazi zako mbili tatu hapa tuzione. Zipige mchana, kivulini, bila flashi.