Kabla hujaiombea hataza mashine uliyoiboresha

Watu wanaokuja kuniuliza habari za hataza (patent, yaani haki ya kisheria ya kulinda uvumbuzi) huja na mashine nzima. Wananionyesha mota, pulii, fremu mpaka magurudumu, kisha wanauliza, "Hii naweza kuilinda?" Mimi humrudisha mtu kwenye swali moja: ni kitu gani hasa kinachofanya mashine yako iishinde ile ya zamani, na kwa nini? Asipoweza kunijibu kwa sentensi mbili, namshauri arudi karakana kwanza. Kwa niliyoyaona katika miaka yangu ya kufanya kazi na mashine za kusaga, hataza ya maboresho hufa au hupona kwenye jibu hilo, kabla hata fomu haijajazwa.

Nitaeleza kwa hataza yangu ya hauzingi za beringi, yaani maganda ya chuma yanayoshika beringi. Mashine za nyundo zinazosaga vitu vikavu humaliza beringi haraka, na kila fundi anajua adui ni vumbi. Tiba iliyozoeleka ni kuongeza sili, ile pete inayoziba pale shafti inapopita: moja ikishindwa weka mbili, kisha zidisha grisi. Lakini kila nilipofungua hauzingi niliona vumbi halijatapakaa ovyo. Lilikuwa limekaa kama pete chini ya mdomo wa sili, upande wa ndani, hata pale ambapo sili yenyewe ilikuwa bado nzima. Nikaanza kujiuliza linapita saa ngapi. Mashine ikiwa kazini, hauzingi ina joto na hewa ya ndani imetanuka, kwa hiyo inasukuma kwenda nje. Ukiizima, chuma kinapoa, hewa inasinyaa, na hauzingi inavuta. Njia pekee ya kuvutia ni chini ya mdomo wa sili, na pale nje vumbi la kusaga bado linaelea. Kumbe beringi zilikuwa zinaharibika wakati mashine imezimwa.

Baada ya kujua hilo, dawa yake ilikuwa ndogo: kuipa hauzingi mahali pengine pa kuvutia hewa. Niliweka mfereji mwembamba unaoanzia kati ya sili mbili na kuishia kwenye kichujio, upande ulio mbali na chumba cha kusagia. Sili ya nje haibebi tena tofauti yoyote ya shinikizo, hivyo haina sababu ya kupitisha vumbi.

Hapo ndipo mtu hukimbilia ofisi ya hataza. Subiri, tafuta kwanza. Hifadhi za mtandaoni za Espacenet, Google Patents na Patentscope zote ni za bure na zina mamilioni ya nyaraka. Usitafute kwa jina la mashine yako, tafuta kwa kazi ya kile kifaa, na utumie alama za uainishaji wa kimataifa: B02C ni kusaga na kuponda, F16C ni shafti na beringi, F16J ni sili, F16H ni giya, F16N ni ulainishaji. Jambo unaloliona jipya kwenye kinu linaweza kuwa la siku nyingi kwenye giaboksi. Mimi nilikuta vipumulio (njia za kupitishia hewa) vyenye kichujio vimejaa tele kwenye giaboksi, vingine vya zamani sana. Kipumulio, basi, hakikuwa changu. Changu kilikuwa ni mahali mfereji unapoanzia, pale kati ya sili mbili, na faida inayotokana na mahali hapo. Hilo ndilo nililoliombea, na ndilo lililokubaliwa.

Hata James Watt, yule mhandisi wa Scotland, hakubuni injini ya mvuke. Injini ya Thomas Newcomen ilikuwa ikifanya kazi tangu 1712. Watt alipopewa mfano mdogo wa injini hiyo autengeneze katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alifuatilia kwa nini unakula mvuke mwingi kiasi kile, akaona kwamba silinda inapozwa kwa maji kila mpigo, kisha mvuke unaofuata unapotea kwa kuipasha moto upya. Akauhamishia upozaji kwenye chombo cha pembeni. Hataza yake ya 1769 ilihusu njia ya kupunguza matumizi ya mvuke na fueli, haikudai injini nzima. Sehemu iliyobadilika ilikuwa moja, na kwa muda ulioongezwa na Bunge la Uingereza ililindwa hadi 1800.

Watt huyohuyo alikutana na hataza ya mtu mwingine. Alipotaka injini yake izungushe gurudumu, James Pickard alikuwa ameshapata hataza mwaka 1780 iliyohusu matumizi ya kombo (mkono uliopinda unaogeuza mwendo wa kwenda na kurudi kuwa mzunguko) kwenye injini ya mvuke. Mwaka 1781 Watt akaleta mpangilio wa giya moja kulizunguka jingine, na mzunguko ukapatikana bila kombo. Ndivyo mshindani wako atakavyofanya. Atasoma madai yako, yaani zile sentensi za hataza zinazotaja kinacholindwa, neno kwa neno akitafuta kitu kimoja cha kuacha, maana kwa kawaida mtu huingilia hataza pale tu anapotumia kila kipengele kilichotajwa kwenye dai. Rasimu ya kwanza ya madai yangu ilisema kifuniko kinashikwa na "boliti nne", kwa sababu mchoro ulionyesha nne. Ningeiacha hivyo, mtu angeweka tatu na kuendelea na biashara yake. Tuliondoa idadi, tukaondoa na boliti, maana namna kifuniko kinavyoshikwa haikuhusu vumbi hata kidogo. Pitia dai lako la kwanza na kwa kila neno jiulize: hili likiondoka, mashine bado inapata faida ileile? Kama ndiyo, liondoe, au lishushe kwenye dai la chini linalotegemea la kwanza. Lakini dai likibaki pana mno mkaguzi wa ofisi ya hataza atakuonyesha kipumulio cha mtu mwingine, kwa hiyo andaa ngazi: pana, kisha finyu, kisha finyu zaidi.

Wakala mzuri wa hataza anastahili malipo yake. Hata hivyo hawezi kukuambia kwa nini mashine yako inafanya kazi. Wewe ndiye wa kumweleza.

Kuhusu kunyamaza siwezi kusisitiza vya kutosha. Usionyeshe kazi kwenye maonyesho, usiuze hata moja, usirushe video, mpaka ombi liwe limepokelewa na lina tarehe. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja baada ya yeye mwenyewe kutangaza. Ulaya, kwa kawaida, ukishatangaza tu, uvumbuzi wako hauhesabiwi tena kuwa mpya. Ukilazimika kufanya majaribio kwenye kiwanda cha mtu, mkataba wa kutunza siri utangulie mashine. Na kama umeajiriwa, usome mkataba wako wa kazi mapema, kwani mara nyingi uvumbuzi uliofanywa kazini ni mali ya mwajiri.

Fahamu pia kwamba hataza ni haki ya kuwazuia wengine. Haikupi ruhusa ya kutengeneza. Ukiboresha pampu ambayo bado iko chini ya hataza ya mwingine, utahitaji leseni yake ili uitengeneze, naye atahitaji yako ili atumie maboresho. Mazungumzo mengi mazuri huanzia hapo. Hataza hulinda ndani ya nchi au kanda iliyotolewa tu. Mkataba wa Paris wa 1883 unakupa miezi 12 tangu ombi la kwanza kuomba kwingine bila kupoteza tarehe yako, na njia ya PCT (mkataba wa kimataifa wa ushirikiano wa hataza) inasogeza uamuzi wa nchi hadi takriban miezi 30. Ulinzi hudumu miaka 20 tangu kuomba, mradi ada za kila kipindi zinalipwa. Chagua nchi ambako mashine hizo zinatengenezwa au kuuzwa kweli. Hataza ya fahari kwenye nchi isiyo na soko lako ni mzigo.

Ukifika wakati wa kuuza leseni, uza kile kinachookolewa. Elijah McCoy, aliyekuwa akipaka mafuta injini za treni Marekani, alipata hataza mwaka 1872 ya kifaa kinacholainisha injini ya mvuke ikiwa kazini. Faida aliyoileta mtu yeyote wa reli aliielewa papo hapo: injini haikulazimika tena kusimama ili ipakwe mafuta. Mimi nilibeba beringi mbili zilizokatwa katikati, za mashine zilizofanya kazi saa sawa, moja ina mfereji wangu na nyingine haina, nikaziweka mezani kabla ya karatasi yoyote. Kwenye mkataba nilisimamia mambo matatu: mrabaha, yaani malipo yangu ya leseni, uhesabiwe kwa kila hauzingi inayouzwa, zikiwemo za vipuri, uwepo kiwango cha chini cha kila mwaka, ili mtengenezaji asinunue leseni na kuifungia kabatini, na ada za kuihuisha hataza zilipwe na yeye, risiti zikinifikia kabla ya tarehe ya mwisho.