Majina matatu kwa buibui mmoja wa ukutani: lipi ni lake?

SWALI

Jambo daktari. Nafundisha biolojia katika shule ya sekondari hapa Himbi, Goma. Ukuta wa shule yetu ni wa mawe ya volkano, na jua likishaupiga hutokea buibui wadogo wasiotega utando. Wanaruka, wanakamata nzi, na ukiwakaribia wanageuka kukutazama. Wanafunzi walipiga picha buibui wawili: mmoja mweusi mwenye mstari mpana mweupe katikati ya mgongo, mwingine wa kahawia. Programu ya simu ikatoa majina matatu: *Plexippus paykulli*, *Plexippus petersi* na *Menemerus bivittatus*. Jina lipi ni sahihi, na nani anayeamua? Kwa nini wengine huandika "*Plexippus paykulli* (Audouin, 1826)" kwa mabano, lakini "*Portia schultzi* Karsch, 1878" bila mabano? Na tukipata buibui asiyejulikana, tunaweza kumpa jina la shule yetu?

JIBU

Mwalimu, nianze na picha zako. Yule mweusi ni dume la *Plexippus*, na kwa maoni yangu ni *paykulli*. Yule wa kahawia si spishi nyingine. Kuna uwezekano mkubwa kwamba ni jike wake. Zitazame tena picha karibu na mwisho wa tumbo: wote wawili wana jozi ya madoa meupe pale nyuma, na jike naye ana mstari wake mgongoni, ila ni wa rangi hafifu kama mchanga, hauonekani upesi. Katika familia hii ya buibui warukaji, Salticidae, dume na jike hutofautiana sana rangi, na zaidi ya mara moja wataalamu wa zamani waliwapa mume na mke majina mawili, kila mmoja akihesabiwa spishi yake. Kwa hiyo wanafunzi wako wasione aibu.

*Menemerus bivittatus* mtoe kwenye orodha. Huyo naye anapenda kuta na huenda ana makazi yake palepale shuleni, lakini ni wa kijivujivu, mwili wake ni bapa, anatembea akiwa amejibana na ukuta. Dume lake lina mstari mweusi katikati ya mgongo na weupe pembeni, yaani kinyume cha yule wa picha yako.

Anabaki *petersi*, na hapo ndipo picha inapofika mwisho wa uwezo wake. Kutenganisha spishi zilizo karibu hivyo, hatutazami rangi. Tunatazama viungo vya uzazi chini ya hadubini. Dume hutumia palpi, vile vikono viwili vifupi vilivyo mbele ya miguu. Akishakomaa, ncha ya palpi inakuwa nene, na upande wa chini unaona kibonge kigumu chenye mwiba mwembamba unaopeleka mbegu kwa jike. Umbo la kibonge hicho, urefu wa mwiba, mahali unapoanzia, na lile jino dogo lililo kwenye pingili ya nyuma yake, ndivyo vinavyosema huyu ni nani. Kwa jike tunatazama bamba dogo gumu chini ya tumbo, na mara nyingi hulazimu kulitoa na kulisafisha ili tuone mirija ya ndani. Simu ikipiga picha kutoka juu haioni lolote kati ya hayo. Programu inalinganisha picha yako na picha ambazo watu wengine wameshazipa majina. Pale ambapo spishi za eneo hazijapigwa picha za kutosha, inakupa jirani wa karibu iliye naye. Ni msaada wa kuanzia, basi. Na buibui ambaye hajakomaa hata hadubini haimsaidii sana, kwa sababu viungo hivyo bado havijaumbika.

Mabano sasa. Mwaka 1826 Mfaransa Audouin alichapisha maelezo ya michoro ya wanyama wa Misri iliyoandaliwa na Savigny. Humo alimwita buibui wetu huyu kwa jenasi ya *Attus* (jenasi ni kundi la spishi za karibu, na ndilo neno la kwanza la jina), jenasi ambayo zamani hizo ilikuwa kama gunia la kutilia karibu kila buibui mrukaji. Jenasi ya *Plexippus* ilikuja baadaye, C. L. Koch alipoianzisha 1846, na *paykulli* akahamishiwa humo. Mabano yanakuambia hilo tu: aliyeandikwa ndani yake ndiye aliyeipa spishi jina, lakini aliipa ndani ya jenasi nyingine. *Portia schultzi* yuko katika jenasi ileile ambayo Karsch alimweka 1878, hajahama, kwa hiyo hana mabano. *Menemerus bivittatus* anaandikwa (Dufour, 1831) kwa kuwa Dufour alimweka katika *Salticus*. Ukiona mtu ameweka mabano kama pambo, au ameyaondoa kwa sababu hayapendezi, ujue amefuta habari ya kweli kuhusu historia ya mnyama huyo. Magazeti hufanya hivyo kila siku, na hata tasnifu kadhaa za chuo nimezikuta hivyo.

Mnyama akihama jenasi, jina la pili linabaki lakini mwisho wake unaweza kubadilika, maana Kilatini kina upatanisho kama sisi tunavyosema mti mrefu lakini kiti kirefu. *Menemerus* ni ya kiume, kwa hiyo *bivittatus*; ingekuwa jenasi ya kike tungeandika *bivittata*. *Evarcha* ni ya kike, ndiyo maana yule buibui wa Ziwa Viktoria anayependa mbu walioshiba damu, aliyeelezwa mwaka 2003, anaitwa *Evarcha culicivora*. *Paykulli* haibadiliki popote, kwa sababu ni jina la mtu katika hali ya umilikaji.

Umeuliza nani anayeamua. Hakuna mahakama inayokaa na kusema huyu ni spishi, yule si spishi. Kuna kanuni za kimataifa za majina ya wanyama. Toleo la nne lilitoka 1999 na linatumika tangu Januari 1, 2000. Kanuni hizo zinasimamia majina, hazisimamii maoni. Mtafiti yuko huru kusema spishi mbili ni moja, au moja ni tatu. Akishasema hivyo, kanuni zinamwambia jina lipi litumike. Msingi wake ni kwamba jina la kwanza lililochapishwa ipasavyo ndilo linaloshinda. Kuhesabu kunaanza Januari 1, 1758, kwa sababu ya kitabu cha Linnaeus, lakini buibui wana upendeleo wao: kitabu cha Msweden Clerck cha 1757 kinakubaliwa na kutangulizwa. Ndiyo sababu *Salticus scenicus*, yule mwenye milia wa Ulaya, anaandikwa (Clerck, 1757), mwaka mmoja kabla ya mwanzo wa majina yote mengine. Mimi naupenda sana upendeleo huo mdogo.

Majina mawili ya jenasi hayawezi kufanana katika wanyama wote, awe konokono, samaki au buibui. Mwaka 2000 Wesołowska na Russell-Smith walieleza buibui warukaji wadogo sana kutoka Mkomazi, Tanzania, wakaiita jenasi yao *Lilliput*. Jina likaonekana limeshachukuliwa na mnyama mwingine. Mwaka 2008 Koçak na Kemal wakaleta jina jipya, na leo jenasi hiyo inaitwa *Tanzania*. Kwa hiyo *Tanzania mkomaziensis* ni buibui kabisa, si kosa la uchapaji.

Orodha inayotunza haya yote kwa buibui ni katalogi ya dunia iliyoko kwenye makumbusho ya viumbe asilia ya Bern, Uswisi. Iko bure kwenye intaneti; mwandikie mwanafunzi mmoja jina, ataona nani alilitoa, mwaka gani, na limepitia jenasi zipi. *Plexippus paykulli* ana orodha ndefu ya majina yaliyokufa, maana amesafiri na mizigo ya binadamu hadi karibu nchi zote za joto, na kila alikoshuka alipata mtu wa kumbatiza upya. Mwaka 2022 katalogi hiyo ilifikisha spishi 50,000 za buibui, na aliyetimiza hesabu alikuwa mrukaji kutoka Amerika ya Kusini, *Guriurius minuano*.

Kuhusu mahali pao katika ukoo: himaya Animalia, faila Arthropoda, ngeli Arachnida, oda Araneae, familia Salticidae. Hayo yamo katika vitabu vyako vya shule. Utamu uko chini ya familia. Salticidae ndiyo familia kubwa kuliko zote za buibui, ina spishi zaidi ya 6,000, na kuzipanga kumewasumbua watu zaidi ya karne. Eugène Simon, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, alizigawa kwa meno yaliyo nyuma ya mfereji wa chonge: wenye jino moja, wenye jino lililopasuka ncha mbili, na wenye meno mengi. Ulikuwa mpango mzuri kwa mtu aliyekuwa na vielelezo vilivyokaushwa na lenzi. Vinasaba vilipoanza kusomwa ikaonekana kwamba idadi ya meno imebadilika mara nyingi katika koo zisizohusiana, kwa hiyo Simon alikuwa amewaweka wageni nyumba moja na kuwatenganisha ndugu.

Mpango ninaoutumia mimi ni wa Wayne Maddison wa 2015. Una nusufamilia saba, lakini moja tu, Salticinae, imebeba spishi nyingi mno kuliko nyingine zote pamoja. *Portia*, mwindaji wa buibui wenzake, yuko nje yake, katika Spartaeinae. Ndani ya Salticinae kuna makabila. *Plexippus* ni wa Plexippini pamoja na *Evarcha* na *Hyllus*. *Menemerus* ni wa Chrysillini. Na *Hasarius adansoni*, ambaye huenda ukamkuta kwenye vyungu vya maua au ndani ya nyumba, dume lake likiwa jeusi na hilali nyeupe mbele ya tumbo, ni wa Hasariini. Yaani majirani watatu wa ukuta mmoja wametoka makabila matatu. Ukuta umewakutanisha, ukoo haukuwakutanisha. Ndiyo maana nawaomba walimu wasiwafundishe wanafunzi kupanga buibui kwa makazi au rangi, hata kama ni rahisi kwenye ubao.

Si wote wanaoukubali mpango huo. Mpolandi Jerzy Prószyński mwaka 2017 alichapisha wake, akitetea makundi yanayotambulika kwa kutazama palpi na mirija ya jike, bila kusubiri vinasaba. Kwa mtu mwenye hadubini moja na sanduku la chupa, makundi yake yanasaidia kutambua haraka, nami huchungulia michoro yake mara kwa mara. Lakini ukitaka kujua nani ndugu wa nani, nenda na Maddison.

Sasa jina la shule. Kanuni hazikatazi. Mkimpata asiyeelezwa bado, anaweza kuitwa *himbiensis* kwa ajili ya mtaa, au jina la mtu, kwa *-i* akiwa mwanamume na *-ae* akiwa mwanamke. Kiswahili pia kinaruhusiwa: kuna jenasi ya buibui wafumaji wa Afrika iitwayo *Kilima* tangu 1970. Kujipa jina lako mwenyewe hakukatazwi, ila wenzako watakucheka. Kazi kubwa iko kabla ya jina. Lazima mlinganishe kielelezo na spishi zote za jenasi hiyo zilizoelezwa, mchore palpi, mwandike mnyama anatofautiana nao wapi, mchapishe, na mteue kielelezo kimoja kiwe holotipu. Jina limefungwa kwenye holotipu hiyo, halijafungwa kwenye picha wala kwenye maelezo. Miaka mia baadaye mtu akiwa na shaka, atafungua chupa ile aitazame. Kwa hiyo haiwezi kukaa kabatini mwa shule. Inapaswa kuwa mahali pa kudumu, kama kituo cha utafiti cha Lwiro hapa Kivu ya Kusini, au makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, ambako buibui wengi wa Kongo wamewekwa. Katika kuta za mji sitarajii spishi mpya, nikuambie ukweli. Kwenye majani ya msitu, ndiyo, lakini ndani ya hifadhi usichukue hata mmoja bila kibali cha ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi za Kongo.

Kwa hao wa ukutani, fanya hivi. Mpige picha akiwa hai, kutoka juu, ubavuni na usoni, maana alkoholi hula rangi. Chagua dume lenye palpi nene. Mtie katika kichupa chenye alkoholi ya asilimia 70 hadi 80. Ile ya farmasi ya 90 iongeze maji safi kidogo. Ndani ya kichupa, pamoja na buibui, weka karatasi ndogo iliyoandikwa kwa penseli: Goma, Himbi, ukuta wa mawe, mwinuko, tarehe, jina la aliyemkamata. Kalamu ya wino itayeyuka yote, na buibui asiye na mahali alipotoka hana faida kwangu. Dume mmoja na jike mmoja wanatosha. Funga kifuniko kwa utepe, nitumie kwa boti ya Bukavu.

Hadi nitakapowatazama, wanafunzi waandike daftarini *Plexippus* cf. *paykulli*. Hizo herufi mbili, cf., zinamwambia msomaji kwamba jenasi mna uhakika nayo, na spishi bado inalinganishwa.