Kabla ya transista, anza na rezista mbili

Mdogo wangu, umeuliza kama mwaka wa kwanza wa elektroniki unaweza kurukia transista (kijenzi kinachokuza mawimbi ya umeme) moja kwa moja. Usiruke. Chukua betri ya volti 9 na rezista (vijenzi vinavyozuia mkondo) mbili za kilo-omu 10, ziunganishe mfululizo, pima volti kati ya katikati yao na hasi ya betri: utaona kama volti 4.5. Sasa weka rezista ya tatu, nayo kilo-omu 10, kutoka hapo katikati hadi hasi ya betri. Inashuka hadi volti 3! Zile mbili za chini ziko sambamba, zimekuwa kilo-omu 5. Amplifaya nyingi za wanafunzi hufa hapo hapo: hatua moja ya ukuzaji inailemea iliyotangulia, kama rezista ile ya tatu. Ukishalielewa hilo, njoo kwenye transista, utafute volti 0.6 au 0.7 kati ya besi na emita, miguu miwili kati ya mitatu ya transista. Na piga hesabu kwenye karatasi kwanza, simulesheni baadaye.