Maswali ya Wasomaji: Wezi wa Kasino Wanatupendezea Nini?

SWALI: Mhariri, salamu nyingi. Nyumbani kwetu, kila wageni wajapo huwekwa filamu ile ile, Ocean's Thirteen ya mwaka 2007, nami huketi nikaitazama hadi mwisho. Hatari hamna, stelingi hata jasho halimtoki, na tangu mwanzo tunajua kwamba kasino itafilisiwa. Ile iliyoitangulia, ya 2004, ilituchosha sote, ilhali waigizaji ni wale wale. Tofauti iko wapi? – Msomaji, Tudor

JIBU: Dada yetu wa Tudor, hiyo hatari unayoikosa imeachwa kwa makusudi. Filamu nyingi za wizi humshika mtazamaji kwa hofu kwamba mwizi atanaswa. Hii humshika kwa hamu ya kuona kazi itafanywaje, na hamu hiyo haiishi hata ukishajua mwisho, kama vile watoto wa hapa Mombasa wanavyotaka wasimuliwe tena kisa cha Abunuwasi wanachokijua neno kwa neno.

Lakini ufundi peke yake hautoshi, na hapo ndipo filamu ya 2004 ilipojikwaa. Ndani yake wezi wanaiba kwa sababu tajiri waliyemwibia zamani amewajia na deni lake. Kisha, baada ya kutuhangaisha kwa yai la thamani kubwa, tunaambiwa kwamba walikwisha kuliiba njiani, ndani ya treni, bila sisi kuonyeshwa. Mtazamaji aliyekuwa akifuatilia kwa moyo wote anajikuta amefichwa jambo lenyewe, na ana haki ya kukasirika.

Ya 2007 inaanza na dhuluma. Mzee Reuben, mmoja wa kundi la wezi, anayeigizwa na Elliott Gould, ananyang'anywa sehemu yake katika kasino mpya ya Las Vegas na mshirika wake Willy Bank, ambaye ni Al Pacino. Moyo unamshtuka, na mzee analala kitandani asitake kusema na mtu. Danny Ocean, kiongozi wa kundi, yaani George Clooney, hakimbilii kulipiza kisasi: anamwendea Bank kwanza na kumpa nafasi ya kurudisha haki ya mzee. Bank anakataa. Kuanzia hapo kila hila inayopangwa ina uso wa yule mzee mbele yake, na sisi tunaotazama, ambao tumelelewa kumheshimu mkubwa, tunakuwa upande wa wezi kabla hata hawajagusa kitu.

Tazama tena kipande cha dadu, ambacho kwangu ndicho bora kuliko vyote. Dadu za kasino hutengenezwa katika kiwanda kimoja Mexico, na Virgil, mmoja wa wezi, anatumwa huko ajifanye kibarua ili azichezee zikiwa bado hazijaganda. Anakuta joto kali na ujira duni, anasahau alichotumwa, na kabla ya muda mrefu yeye ndiye anayeongoza mgomo. Ndugu yake anapelekwa akamtulize, naye anajiunga. Mpango mzima wa Las Vegas unakwama mpaka vibarua wale walipwe walichodai, ambacho kwa hesabu za kasino ni kidogo sana. Mji wetu wa Mombasa, ambao wafanyakazi wake waligoma Januari 1947, bandari ikasimama, hauhitaji kuelezwa kwa nini kipande hicho kinagusa.

Uzuri wa kuonekana nao una sehemu yake. Steven Soderbergh, aliyeiongoza, ndiye pia aliyeshika kamera, na ameijaza kasino yake rangi nyekundu na za dhahabu. Suti zimekaa mwilini, na Danny na mwenzake Rusty huzungumza kwa nusu sentensi, kama wazungumzavyo watu waliozoeana miaka mingi. Pale Linus, mwizi mwingine wa kundi, anapojibandika pua ya bandia na kutumia kemikali ya kumlevya msaidizi wa Bank, hata hivyo, sipapendi kabisa. Panamdhalilisha yule mwanamke, na filamu ingekuwa safi zaidi bila pale.

SWALI: Mdogo wangu ameanza kuweka pesa za kamari kwenye simu. Je, filamu za namna hii hazimchochei? – Kaka mtu, Kisauni

JIBU: Nguo nzuri na taa zinaweza kumvutia, sikatai. Keti naye basi muitazame pamoja, na umwonyeshe jinsi mpango wenyewe ulivyo. Wezi hawa wanaharibu dadu na mashine kwa kuwa wanajua mchezo wa haki haumfilisi mwenye kasino. Ruleti, yaani mchezo wa gurudumu la nambari, kule Las Vegas kwa kawaida ina nafasi 38, na anayepata nambari hulipwa 35 kwa moja; kwa hiyo, katika kila shilingi 100 zinazowekwa, zaidi ya 5 hubaki kwa mwenye meza, mchezo baada ya mchezo. Tena wezi wanaleta mashine kubwa ya kuchimba, ya aina iliyochimba njia ya reli chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, ili waitikise ardhi kama tetemeko. Wanafanya hivyo ili wachezaji watoke mbio na pesa walizoshinda, maana anayebaki mezani atazirudisha zote. Mwulize mdogo wako ni nani atakayemtikisia ardhi siku atakaposhinda.

SWALI: Tuanze na ipi? – Msomaji, Likoni

JIBU: Anzeni na ya 2001, ambayo nayo ilitokana na filamu ya 1960 ya Frank Sinatra. Mkiwa na usiku mmoja tu, rukeni hadi ya 2007. Mtakachokosa ni kumfahamu Toulour, mwizi wa Kifaransa wa filamu ya 2004, anayejitokeza tena kuwania almasi. Ya 2018, ambamo dada yake Danny anaongoza kundi la wanawake pekee, inajitegemea na mnaweza kuitazama wakati wowote.