Sukari vikombe viwili

Mwaka juzi mama alikuja kwangu Tabata kutolewa mtoto wa jicho, nami nikajiona mjanja. Nilikuwa nimeuona unga wa mahindi ya njano kwenye duka moja la vyakula vya asili, umefungwa vizuri kwenye pakiti ya kilo moja, bei yake karibu mara mbili ya sembe. Nikasema leo namrudisha mama ujanani. Nikasonga ugali, nikaunga kisamvu kwa nazi, nikatenga mezani. Mama akafunua hotipoti, akatazama, akaifunika tena taratibu kama mtu aliyekuta chumba kina mwenyewe.

"Yanga hii," akasema. "Mimi yanga yangu niliimaliza zamani, mwanangu. Nipatie wali, hata kiporo."

Kwa wale ambao hamkusimuliwa: mahindi ya njano yalikuwa ya msaada kutoka Marekani. Yaliingia wakati wa ukame wa 1973 na 1974, yakarudi tena mwanzoni mwa miaka ya 1980, vita vya Kagera vimekwisha, fedha za kigeni hakuna na maduka matupu. Watu wakauita unga wa yanga kwa sababu ya rangi ya jezi. Baba yangu, Simba wa damu, anasema aliteseka mara mbili, tumboni na moyoni. Mama hakumbuki ladha kama anavyokumbuka harufu, harufu ya ghala, ya kitu kilichokaa safarini muda mrefu. Na anakumbuka foleni ya duka la kaya, mtu anaacha jiwe au ndala kumshikia nafasi. Leo wataalamu wa lishe wanatuambia mahindi ya njano yana karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na meupe hayana. Ni kweli kabisa. Nenda kamwambie mama.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza nimeununua kwa pesa yangu: ukitaka kumpikia mzazi chakula cha utotoni au ujanani mwake, usimuulize mlikuwa mnakula nini. Muulize mlikuwa mnatamani nini. Hayo ni maswali mawili tofauti, na mimi kwa miaka mingi nilidhani ni moja.

Nilipouliza hilo la pili, mama hakufikiri hata kidogo. Boflo na siagi. Babu alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge, na siku ya mshahara alikuja na boflo moja na kopo dogo la Blue Band. Kila mtoto kipande kimoja, siagi inapakwa kwa mgongo wa kijiko, nyembamba hadi mkate unauona chini yake. Mama anakula kingo kwanza, katikati anaweka mwisho. Na mpaka leo! Kwangu mkate unakauka ndani ya mfuko wake mpaka tunaumwagia kuku wa jirani, lakini mama akipewa kipande anaanza kingo, pole pole, na humwongeleshi. Mimi siku zote nilikuwa namkimbizia viazi vikuu na magimbi nikidhani ndiyo asili yake. Viazi vikuu vilikuwa vya kila siku. Nani anatamani cha kila siku?

Mimi nimezaliwa 1984, nimekulia Ngamiani, Tanga. Maduka yalikuwa yameanza kujaa nilipopata akili, kwa hiyo boflo kwangu halikuwa habari. Habari ilikuwa barafu. Mtaani kwetu nyumba yenye friji ilikuwa moja, na ukutani wametundika kipande cha boksi kimeandikwa kwa mkaa BARAFU ZIPO. Za ubuyu, za ukwaju, na za maziwa kwa wenye uwezo. Unang'ata pembe ya kifuko, unafyonza mpaka utamu wote umetoka na mkononi limebaki donge jeupe lisilo na kitu, na hilo nalo unalitafuna. Umeme ukikatika mchana kutwa, jioni tulikuwa tunapewa maji ya ubuyu kwa nusu bei, na kwa kweli hizo ndizo zilikuwa siku nzuri. Halafu muhogo wa kukaanga getini shuleni, umechanwa katikati na kumiminiwa pilipili, umefungwa kwenye karatasi ya daftari la mtu. Nimewahi kula muhogo nikisoma hesabu za mwenzangu zilizokosewa zote.

Sasa, kosa langu la pili, na hili naliona kwa wazazi wengi wa rika langu. Nilitaka wanangu wapende vyakula vyangu, na njia niliyotumia ilikuwa simango. Mtoto akiomba chipsi, naanza: enzi zetu sisi tulikuwa tunakula muhogo na tunashiba. Siku moja binti yangu, wakati huo ana miaka saba, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwani mama, chipsi zilikuwa hazijafika?"

Sikuwa na jibu. Zingekuwepo getini pale, ningekula mpaka nitapike. Na tukiacha ushabiki, muhogo wa kukaanga na chipsi ni ndugu wa tumbo moja: wanga, mafuta, chumvi na kitu chekundu juu. Simango halifundishi ulimi. Mtoto anaonja hasira yako kabla ya muhogo, na baada ya hapo muhogo kwake ni chakula cha kugombezwa.

Nikageuza njia, nikaharibu kwa upande mwingine. Nikaanza kupika vitumbua kila Jumapili. Wiki mbili za kwanza waligombania, ya tatu wakala kistaarabu, ya sita nikavikuta vimefichwa nyuma ya kochi. Nimejifunza kuviacha. Mwezi unapita, miwili inapita, chuma cha vitumbua kinaning'inia ukutani wanakiona. Wakianza wao kuuliza, naloweka mchele usiku na hawapati mpaka kesho yake. Ule usiku wa kusubiri unafanya kazi kubwa kuliko iliki.

Lakini jambo ninalotaka hasa kuwaambia, na kama mna haraka ruka yote someni hili, ni la mkate wa kumimina.

Mkate wa kumimina wa mama unajulikana mtaani kwetu. Juu una ngozi ya kahawia, ndani vitundu vitundu kama sega, ukiubonyeza unarudi. Mimi nilikuwa nashindwa. Miaka kumi nilikuwa nashindwa. Nilimpigia simu, akanipa vipimo bila hiyana: mchele vikombe viwili, sukari vikombe viwili, hamira kijiko, tui kadiri. Nikipima, nikifuata, nikipalia makaa juu na chini, mkate unatoka umeungua nje, ndani uji, umekaa chini kama mgeni aliyechoka. Tena mtamu wa kuudhi. Nikajisemea labda mkono wangu mbaya. Tanga ukishindwa mkate unasemwa, kwa hiyo nikawa nanunua na kutia kwenye sahani yangu.

Safari ile ya jicho, mama alipopata nafuu, nikaamua nimkalie jikoni. Nikanunua mzani mdogo wa betri, ule wa kuweka bakuli juu. Mama akiwa ametoka kwao na vyombo vyake, maana vya watu havimpi raha, akatoa kikombe cha bati chenye ua jekundu, kimebanduka rangi mdomoni. Akachota mchele. Kabla hajamimina nikamshika mkono, nikauweka mchele kwenye mzani: gramu 250. Vikombe viwili, nusu kilo.

"Unanipima kama muuza dhahabu," akasema.

Halafu akanyoosha mkono kuchukua kikombe cha sukari. Akakiacha kile cha bati. Akaingia kwenye kikapu, akatoa kikombe cha kahawa. Kile kidogo cha udongo kisicho na mkono, cha kunywea kahawa chungu barazani. Akachota vikombe viwili. Mzani ukasema gramu 160.

Mimi miaka kumi nilikuwa natia sukari zaidi ya nusu kilo.

Nikamwuliza, mama, mbona hukuniambia ni kikombe cha kahawa? Akanishangaa kabisa. "Sukari utaipimia kikombe kingine kipi?" Kwake yeye, aliyeanza kupika zama sukari inagawiwa kwa foleni, hakukuwa na swali hapo. Kikombe cha sukari ni kidogo, basi. Na ndiyo sababu mkate wangu ulikuwa haupandi: sukari ikizidi hamira inalemewa, na juu inaungua kabla katikati hakujaiva.

Mwenye mama, bibi au shangazi anayepika kwa kadiri, usimuulize vipimo kwa simu. Nenda ukakae, na umshike mkono kabla hajamimina. Pima kilichomo mkononi mwake, si anachokisema. Piga picha vyombo, maana chombo ndicho kipimo. Uliza tui la nazi ngapi na limechujwa mara ya ngapi. Kwa mama ni nazi mbili, tui la kwanza tu kwenye kifumbu, na anasaga mpaka rojo linateleza mgongoni mwa kijiko lakini ukipitisha kidole njia inabaki. Muda wa kuumuka usiuamini. Mama alipokuwa kwangu, mwezi wa pili na joto lile la Dar, ulichukua dakika arobaini. Mwezi wa saba nikipika peke yangu ulichukua saa moja na nusu. Mama anasema usitazame saa, utazame mkate. Na moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Hayo ya moto sikuweza kuyaweka kwenye mzani, nilihesabu vipande vya mkaa: chini vitano, juu kumi na viwili. Alinicheka mpaka akakumbuka jicho.

Niseme na hili kwa sababu wengine mnapamba sana ya zamani. Barafu zile za mtaani maji yake hayakuwa yamechemshwa, na sote tuliugua matumbo tukadhani ni embe mbichi. Ukiwafanyia watoto nyumbani, chemsha maji, na ubuyu uache na rangi yake, ile nyeupe inayoelekea maziwa. Wekundu ni rangi ya kutia tu. Wangu waliukataa mwanzo kwa sababu hauchafui ulimi. Hapo niliwaelewa, nikatia kidogo.

Nilinunua pakiti ya ubuyu mwekundu kwa ajili yangu mwenyewe pia, mwaka jana, stendi. Nilikula kokwa tatu. Nikamlalamikia muuzaji kwamba siku hizi wanazidisha sukari, akaniapia mapishi ni yale yale ya bibi yake. Namwamini. Jino langu la nyuma linapata ganzi.

Kijana wangu mkubwa yupo bweni Morogoro, kidato cha pili. Likizo ya Desemba ilipokaribia nilijiandaa hasa. Nilikuwa nimeshaushika mkate, umepanda mara nne mfululizo, nikamwambia kwa simu nitamfanyia, na kisamvu, na samaki wa kupaka. Akanyamaza. Halafu akasema, "Mama, mimi naomba zile tambi."

Tambi gani? Nikadhani za sukari na iliki, za futari. Hapana. Tambi za pakiti. Zile ninazopika siku nimekwama kwenye foleni ya magari, nimefika nyumbani saa tatu usiku, nimechoka na nina aibu kuwapa watoto chakula kama kile. Nakaanga kitunguu na nyanya iliyoiva kupita kiasi, natupia yai, tunakula tukiwa tumekaa sakafuni jikoni kwa sababu meza ina nguo za kupiga pasi. Anasema bweni wenzake wanapika tambi kwa birika lakini hazifiki. Anasema ninaweka kitu. Siweki kitu.

Nilimsimulia mama nikitegemea tuungane kusikitika. Akaniuliza tu, "Umeandika?"

Nimeandika. Ipo kwenye daftari, ukurasa unaofuata mkate wa kumimina. Pakiti tatu, kitunguu kimoja, nyanya mbili zilizolegea, mayai mawili, ile pilipili ya pakiti weka nusu yake. Maji kadiri.