Ovakloki prosesa ya zamani kwa feni tu: angalia volti kabla ya megahezi

Wakuu, hii ni kwa wale wanaoanza, wenye desktop za zamani, zile Core i5 na i7 zenye herufi K mwishoni au AMD FX, wanataka kuzikamua kidogo, yaani kuziovakloki (kuzikimbiza kwa spidi ya juu kuliko ya kiwandani), bila kununua mashine mpya na bila kuingia kwenye mambo ya kupoza kwa maji. Inawezekana na kwa feni tu inatosha kabisa, ila kabla hujaingia BIOS (ile menyu ya setingi za bodi inayofunguka kabla Windows haijawaka) kuna kitu kimoja inabidi kikae kichwani maana ndo kinaamua mengine yote: kinacholeta joto jingi na kinachokula umri wa prosesa sio sana GHz zenyewe, ni volti unazoiongezea ili ifike hizo GHz.

Hesabu yake ni rahisi. Umeme unaoliwa na prosesa unapanda sawasawa na spidi, yaani spidi ikipanda asilimia 10 na umeme unapanda kama asilimia 10, lakini volti zenyewe zinaingia kwa kipeo cha pili. Tuseme prosesa inakimbia 3.7 GHz kwa volti 1.20, ukaipeleka 4.4 GHz ikadai 1.30. Spidi imeongezeka kama asilimia 19, umeme (na joto, maana umeme wote huo unaishia kuwa joto) umeongezeka karibu asilimia 40. Sasa mwenye tamaa anasukuma mpaka 4.7 kwa volti 1.42, spidi inakuwa imepanda asilimia 27 tu ukilinganisha na mwanzo ila joto limepanda karibu asilimia 78, na hapo ndo hitisinki ya feni (lile bati la kupoza linalokaa juu ya prosesa) inanyoosha mikono. Kwa hiyo mchezo wote wa feni ni kujua ile sehemu ambayo volti zinaanza kupanda kwa kasi kuliko spidi, ukiiona unarudi nyuma hatua moja unakaa hapo. Basi. Anayekwambia prosesa flani "lazima ifike 4.8" anakudanganya, chip mbili za jina moja kutoka kiwanda kimoja hazilingani, moja inafika 4.5 kwa volti ndogo tu na nyingine inalia 4.2.

Kwanza hakikisha mashine yako inakubali. Kwa Intel kuanzia kizazi cha pili, i5-2500K na i7-2600K za Januari 2011 na zilizofuata, unahitaji vitu viwili kwa pamoja, prosesa yenye K na madabodi yenye chipset (chipu kuu ya bodi) inayoruhusu, yaani P67, Z68, Z77, na kwa kizazi cha nne Z87 au Z97. Ukiwa na 2500K kwenye bodi ya H61 umekwama, K yako ni pambo. Na msijaribu kuzunguka kwa kupandisha ile kloki mama ya 100 MHz, kwenye hizi Intel imefungwa pamoja na PCIe na SATA (njia za kadi ya picha na diski), ukiipandisha asilimia chache tu diski inaanza vituko na unaweza kupoteza data kwa faida ya megahezi ambazo hata hutaziona. Unachogusa ni kizidishi tu: 100 mara 42 ni 4.2 GHz, mara 44 ni 4.4.

Wenye Core 2 (Intel za kabla ya hizo) ndo wako tofauti. Q6600 kwa mfano kizidishi chake kinaishia 9, kwa hiyo unapandisha FSB (kloki mama ya hizi) kutoka 266 kwenda 333 unapata 3.0 GHz, lakini RAM nayo inapanda humo humo, inabidi uishushe uwiano wake kwanza la sivyo utahangaika ukidhani prosesa ndo inagoma kumbe RAM. Upande wa AMD, Phenom II za Black Edition na FX zote kizidishi kiko wazi, ila FX-8350 ni ya wati 125 hata kabla hujaigusa, na bodi nyingi za bei ya chini zina VRM (zile saketi zinazoilisha prosesa umeme) dhaifu na hazina hata kipande cha bati juu yake. Ukiwa na bodi ya hivo nakushauri uache, sikufichi. Bodi itaanza kujipunguza spidi yenyewe chini ya mzigo, au mbaya zaidi itaungua.

Haya, maandalizi. Mashine ya miaka kumi na zaidi huwezi kuirukia tu. Fungua, piga vumbi lote, toa hitisinki, futa kwa spiriti ile pesti (ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki) iliyokauka ikawa kama chokaa, weka mpya, tone la ukubwa wa punje ya mchele katikati linatosha. Hii kazi watu wanaidharau lakini kwenye mashine nyingi za zamani inashusha joto kuliko unavotegemea, na kuna watu wakishaifanya wanaona mashine imepona hata hamu ya ovakloki inaisha, maana kumbe ilikuwa inajipunguza spidi kwa sababu ya joto. Feni ile ndogo iliyokuja na prosesa kwenye boksi isahau kwa kazi hii. Tafuta hitisinki ya mnara yenye mabomba ya shaba na feni ya milimita 120, za aina ya Cooler Master Hyper 212 zinatosha kabisa, ila pima kwanza urefu wake kama unaingia kwenye kesi na kama haigongi RAM ndefu.

Kuna kitu hapa wengi hawakijui. Feni ya boksi inapuliza kwenda chini, kwa hiyo bila kukusudia inapoza na VRM zinazozunguka soketi. Ukiweka mnara upepo unapita kwa ubavu, prosesa inapoa vizuri unafurahi, huku VRM zimeachwa kwenye hewa iliyotulia. Hakikisha kesi ina feni moja mbele inayoingiza na moja nyuma inayotoa, sio mapambo hayo. Na pawa saplai ya miaka mingi isiyojulikana jina wala asili badilisha kabla, sio baada.

Kabla ya kubadili setingi yoyote pima hali ilivo sasa. CPU-Z kwa spidi, HWiNFO kwa joto na volti, piga mzigo nusu saa kwa Prime95 au OCCT (programu za kuibebesha prosesa kazi nzito) andika joto la juu pembeni. Usipokuwa na hiyo namba ya kuanzia huko mbele utakuwa unabahatisha. Andika na joto la chumba, maana hitisinki ya feni haiwezi kushuka chini ya hewa inayoivuta, chumba kikipanda digrii 8 prosesa nayo inapanda karibu hizo hizo 8, mashine iliyopita testi usiku wa baridi inaweza kuzimika mchana wa jua kali bila setingi yoyote kubadilika. Na nakili faili zako muhimu mahali pengine kabisa, prosesa isiyo imara haizimi tu mashine, inaandika vitu vibovu kwenye diski kimya kimya.

Ukiingia BIOS, kile kitufe cha ovakloki ya moja kwa moja usikiguse. Bodi zinapenda usalama wa kuwaka, sio usalama wa prosesa, zinamwaga volti nyingi kuliko inavohitajika ili mradi uone namba kubwa. Vivyo hivyo usiache volti kwenye Auto ukipandisha kizidishi. XMP ya RAM (setingi inayoipa RAM spidi yake ya juu) izime kwa sasa, utairudisha mwisho. Weka volti mwenyewe karibu na zile ulizoziona kwenye HWiNFO wakati wa mzigo, pandisha kizidishi hatua moja, washa, piga testi fupi ya dakika kumi na tano hivi. Imepita? Hatua nyingine, volti zile zile. Prosesa nyingi za kizazi cha pili zinapanda hatua kadhaa bila kudai hata volti moja ya ziada, na hizo ndo megahezi tamu kuliko zote maana joto lake karibu ni la bure. Ikigoma ongeza volti kidogo kidogo, 0.01 hadi 0.02, jaribu tena. Siku utakapoona hatua moja imedai nyongeza kubwa kuliko zilizopita, umefika pale nilipokuwa nasema mwanzo. Mimi kwa feni sivuki 1.35 kwenye 2500K kwa matumizi ya kila siku, na chip nyingi za hiyo familia zinakaa 4.2 mpaka 4.4 chini ya hapo.

Kuna setingi inaitwa LLC. Prosesa ikipata mzigo volti zinashuka kidogo kwa asili, LLC inazirudisha juu. Ukiiweka kali kupita kiasi volti zinaruka juu kwa kitambo mzigo unapoachia, na programu hazionyeshi hiyo mirusho. Weka ya katikati. Pia EIST na C-state ziache zimewashwa, prosesa ipumzike ikiwa haina kazi, hakuna faida ya kukimbia 4.4 huku unasoma barua pepe.

Kwenye joto, kila familia ina mpaka wake. 2500K inaanza kujipunguza yenyewe kwenye digrii 98, mimi nataka testi kali isivuke 80, hapo matumizi ya kawaida yatakuwa chini zaidi. 3570K ya 2012 inakula umeme kidogo kuliko 2500K lakini inapata moto zaidi ukiiovakloki kwa sababu chini ya kifuniko chake waliweka pesti badala ya kuunganisha kwa solda ya metali, kwa hiyo usishangae mwenzako mwenye chip ya zamani zaidi ana joto la chini kuliko wewe. FX ndo usizisome kwa macho ya Intel kabisa, zenyewe mwisho ni kwenye 60 na kidogo, na sensa yake ikiwa haina kazi inaweza kukuonyesha joto la chini kuliko la chumba, kitu ambacho kwa feni hakiwezekani. Iamini ikiwa kwenye mzigo tu.

Testi ya mwisho fanya ndefu, Prime95 au OCCT masaa kadhaa. Wenye kizazi cha nne kuweni makini, Prime95 mpya zinatumia maelekezo ya AVX (amri za mahesabu mazito) na volti zikiwa kwenye mfumo wa adaptive prosesa inaongeza volti yenyewe juu ya ulizoweka, joto linapaa ndani ya sekunde. Tumia toleo la 26.6 ambalo halina AVX, au weka volti za kudumu wakati wa testi. Alafu usiishie hapo, fungua Event Viewer ya Windows utafute WHEA-Logger (rekodi za makosa ya vifaa). Mashine inaweza isizime, isigande, testi ikapita, kumbe prosesa ilikuwa inakosea na kujisahihisha yenyewe chini chini. Ukiziona hizo, hiyo ovakloki haijaiva, ongeza volti kidogo au shusha kizidishi. Mimi nashusha kizidishi, karibu kila mara.

Skrini ya bluu yenye 0x101 au 0x124 kwenye hizi Intel mara nyingi ni volti hazitoshi. Ikigoma hata kuwaka usiogope, zima, chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya CR2032 kwenye bodi dakika chache au unganisha pini za kufuta CMOS (kumbukumbu ya setingi za BIOS), inarudi kama ilivyotoka kiwandani.

RAM sasa unaweza kuirudisha kwenye XMP, na upige MemTest86 peke yake. Ikigoma hapo unajua ni RAM.

Kuhusu faida, inategemea unafanya nini. Kurenda video, kukompaili kodi, magemu yanayobanwa na prosesa, utaona tofauti ya kweli. Gemu ambayo kadi yako ya picha imeshafika asilimia 99 haitaongeza hata fremu moja, angalia hiyo kwanza kabla hujahangaika na yote haya. Na baada ya mwaka au miwili mashine iliyokuwa imara ikianza kuganda, safisha vumbi kwanza upime joto dhidi ya ile namba uliyoandika, joto likiwa sawa basi chip imechoka kidogo, shusha kizidishi hatua moja, usiiongezee volti.