Ofisi ina baridi ya kuvaa koti, lakini kijasho hakikauki: tatizo si gesi

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Mimi ni katibu wa ofisi ya chama cha akiba na mikopo, ghorofa ya tatu, Upanga, Dar es Salaam. Ukumbi wetu una urefu wa mita 9 na upana wa mita 7, tuko watu 14, na madirisha makubwa ya vioo yanaangalia magharibi. Tulikuwa na viyoyozi viwili vya BTU 24,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) kila kimoja. Mwaka jana fundi akatushauri tuongeze cha tatu cha ukubwa huohuo. Tukiweka rimoti kwenye nyuzi 16, wenzangu wanavaa makoti na wengine wanaumwa vichwa. Tukizima, dakika chache tu fukuto limerudi. Tukiweka 24, mashine zinawaka na kuzima, tunatoka kijasho, na karatasi za printa zinalegea na kukwama. Uniti za LUKU zinayeyuka. Fundi amekuja kuongeza gesi mara tatu tangu Januari, na sasa anasema tununue cha nne. Tufanye nini?

JIBU: Msinunue cha nne, dada yangu. Na kile cha tatu kizimeni leo, kabla hata hujamaliza kusoma majibu haya. Najua inasikika kama kichaa: mtu analia joto, nami namwambia apunguze viyoyozi. Vumilia kidogo.

Katika yote uliyoandika, lililonishika ni karatasi. Karatasi haina habari na joto, bali inajua unyevu. Ikilegea kwenye printa ndani ya chumba chenye viyoyozi vitatu, maana yake hewa ya chumba hicho imelowa, hata kama kioo cha rimoti kinaonyesha namba ya kuridhisha. Mwaka 1902 mhandisi kijana wa Marekani, Willis Carrier, alipewa tatizo la kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York. Karatasi zilikuwa zikivimba na kunywea kwa unyevu wa majira ya joto, basi rangi ya pili ikipigwa haikai juu ya rangi ya kwanza. Mtambo aliousanifu ndio wengi katika fani yetu tunaouhesabu kuwa mwanzo wa kiyoyozi cha leo, na kazi aliyotumwa ilikuwa kudhibiti unyevu. Baridi aliitumia kama chombo cha kuukamua. Miaka mia moja na ushee baadaye, hapa Pwani ambako unyevu ndio adui yetu mkubwa, tunanunua na kuuza viyoyozi kana kwamba baridi ndiyo kazi yake pekee.

Mwili hupoa kwa jasho kukauka. Hewa ya Dar es Salaam wakati wa kaskazi, nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 70, imeshiba maji. Jasho halina pa kwenda, linakaa shingoni. Ndiyo maana ukikaa katika nyuzi 26 kwenye hewa iliyokauka vizuri unasahau habari ya joto, lakini katika nyuzi 23 kwenye hewa iliyolowa unajipangusa na huku mikono imepoa. Hiyo ndiyo hali ya ofisi yenu: baridi na fukuto kwa pamoja. Mtu akiisikia hali hiyo mkono wake unakwenda kwenye rimoti kushusha namba, na kila nyuzi anayoshusha analipia. Taasisi ya serikali ya India inayosimamia matumizi bora ya nishati inakadiria kwamba kila nyuzi moja unayopandisha huokoa karibu asilimia 6 ya umeme wa kiyoyozi. Ndiyo maana tangu Januari 2020 viyoyozi vya majumbani vinavyouzwa kule sharti vitoke kiwandani vimepangwa nyuzi 24.

Sasa kwa nini mashine tatu zikaushe hewa vibaya kuliko mbili? Maji hutoka hewani yanapogusa koili baridi, yaani mabomba yaliyokunjwa ndani ya mashine ya ndani, kama matone yanavyojitokeza nje ya glasi ya maji ya barafu. Lakini dakika za mwanzo hayadondoki. Yanashika kwenye mapezi ya koili mpaka yalemee, ndipo yateremke kwenye trei na kutoka kwa bomba. Mashine ikiwa kubwa kupita chumba, inashusha joto haraka, inafika 24, kompresa (pampu inayosukuma gesi) inazima, na yale maji bado yamening'inia kwenye koili. Feni ya ndani inaendelea kupuliza na kuyarudisha chumbani kama mvuke. Mmelipia umeme wa kuyakamua, kisha mmeyarudisha. Ukumbi wa mita za mraba 63 wenye watu 14, kompyuta zao na jua la magharibi, kwa makadirio yangu unahitaji BTU 40,000 hadi 45,000. Mbili zenu za mwanzo zilikuwa zinatoa 48,000. Ya tatu imewafikisha 72,000. Fundi wenu aliwauzia fukuto.

Na ile nyuzi 16, naomba iondoke vichwani mwetu. Rimoti si pedeli ya mafuta ya gari. Katika mashine isiyo ya inveta, yaani isiyoweza kubadilisha mwendo wa kompresa, kompresa hufanya kazi kwa nguvu ileile ukiweka 16 au 24. Kinachobadilika ni lini itasimama. Ya inveta itakimbia mwendo wake wa juu ukiwa mbali na namba uliyoweka, lakini mwendo huo una kikomo, na 16 haikiongezi. Chumba chenu kinatoka 31 kwenda 25 kwa muda uleule. Ukiweka 16 unachopata ni mashine isiyojua kupumzika, watu wenye makoti, halafu mtu mmoja mwenye hasira anazima zote na fukuto linaanza upya. Kila ofisi ninayoingia nakuta vita hivyo vya rimoti.

Fanyeni hivi. Zimeni ya tatu. Mbili zilizobaki ziwekeni nyuzi 25, feni ya ndani kwenye mwendo wa chini ili hewa ipite taratibu kwenye koili na kuacha maji. Siku za masika, joto likiwa dogo lakini hewa nzito, tumieni ile alama ya tone la maji kwenye rimoti, ya kukausha hewa, ambayo watu wengi hawajawahi kuibonyeza. Kisha wekeni panga boi mbili. Panga boi moja inakula wati 60 hadi 75. Mashine moja ya BTU 24,000 isiyo ya inveta, kompresa ikiwa inazunguka, inakula wati 2,000 na zaidi. Upepo mwepesi unaogusa ngozi unakufanya uhisi kama joto limeshuka nyuzi mbili au tatu. Sijaona uwekezaji wa bei ndogo kuliko huo katika jengo lolote la Pwani, na bado watu wakishafunga kiyoyozi wanaing'oa panga boi kwa kuona ni ya kizamani.

Halafu mpime. Chukua ndoo, iweke chini ya bomba la maji la kila mashine, saa nne asubuhi hadi saa tano, madirisha na mlango wa korido vikiwa vimefungwa. Watu 14 peke yao hutoa zaidi ya lita moja ya maji kwa saa kwa pumzi na ngozi, na hewa safi mnayohitaji, lita 50 kwa sekunde hivi, inaleta nyingine kama mbili wakati wa kaskazi. Kwa hiyo mbili hizo zikifanya kazi sawasawa mtakusanya lita moja na zaidi kwa saa vyote vikiwa vimefungwa, na lita tatu hivi hewa safi ikiwa inaingizwa. Mkipata nusu kikombe, kuna jambo: koili chafu, filta iliyoziba, au mashine inayowaka na kuzima. Mkipata maji mengi kupita hapo, kuna dirisha au mlango unaingiza hewa ya nje, na mnajaribu kuukausha mji. Nimesema hewa safi kwa makusudi. Kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa ya nje, kinazungusha ileile, na hayo maumivu ya kichwa ya wenzako huenda yanatoka huko zaidi ya kwenye baridi. Feni ndogo ya kuingiza hewa kwa kipimo inatosha. Dirisha lililoachwa wazi kutwa halina kipimo.

Jua la magharibi lizuieni kwa nje. Pazia la ndani linasaidia macho, lakini jua likishapita kioo joto limeshaingia. Wazee wetu wa Lamu na Unguja walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe, wakayafunga madirisha kwa vibao vya mbao vinavyopitisha upepo na kuzuia jua. Sisi tumejenga maghorofa ya vioo kisha tunashangaa bili. Kivuli cha nje juu ya dirisha, hata cha turubai kwenye fremu, kitawapunguzia mzigo wa saa tisa alasiri kuliko hicho kiyoyozi cha nne.

Sasa gesi. Hapa ndipo subira inaponiishia, maana barua kama yako zinanifikia kila wiki na karibu zote zina sentensi hiyohiyo: fundi ameongeza gesi.

Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inageuka kimiminika, inageuka mvuke, inarudi. Jokofu la mama yako nyumbani linafanya kazi kwa njia hiyohiyo; lina miaka 10 au 15, nani amewahi kuliongeza gesi? Kama mashine yenu kweli ilipungukiwa mara tatu tangu Januari, ina tundu, na mtu aliyeijaza mara tatu bila kulitafuta amewalipisha mara tatu kwa kupuliza gesi angani. Kama haikupungukiwa, ameizidisha, na gesi ikizidi kompresa inasukuma kwa nguvu isiyo yake, umeme unapanda, mwisho inakufa. Na kama kila akija mnaona nafuu, kwa nini? Huenda kwa sababu huwa anaosha filta kabla ya kufungua mtungi. Filta ndiyo iliyowaponya.

Vishoka hawa, mafundi wasio na ujuzi, wanapima kwa geji ya presha peke yake: mshale ukiwa chini, "gesi imepungua". Presha inabadilika na joto la nje, joto la ndani, uchafu wa koili, na kwa inveta inabadilika na mwendo wa kompresa wakati huohuo anapoangalia. Gesi za aina ya R410A na R32 hujazwa kwa mzani. Kibandiko kilicho kwenye mashine ya nje kinataja gramu ngapi. Mkikuta fundi asiye na mzani wala pampu ya vakyumu ya kutoa hewa na unyevu kwenye mabomba kabla ya kujaza, msimpe kazi. Na kama hawezi kukuonyesha gesi ilivujia wapi, hana sababu ya kuongeza.

Ningeishia kwenye pesa kama hasara ingekuwa ya pesa tu. Kuna mafundi wanaojaza gesi ya jikoni kwenye mashine za zamani zinazotumia gesi ya R22 kwa kuwa R22 imepanda bei, inavyoondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal ya kulinda tabaka la ozoni. Mashine ile itapoa, hata vizuri. Lakini swichi na nyaya zake hazikutengenezwa kukaa na gesi inayolipuka, na siku bomba la ndani likivuja usiku chumba kimefungwa, cheche moja inatosha. Mpangaji anayefuata hajui, na fundi anayekuja na moto wa kuchomelea hajui pia. R32 nayo inawaka, ingawa kwa shida, kwa hiyo kazi ya kuchomelea bomba lenye R32 si ya kijana anayejifunzia kwenye ofisi yako.

Kibaya kuliko vyote ni oksijeni. Ili kutafuta tundu tunajaza mabomba kwa naitrojeni kavu kwa presha kubwa. Kishoka hana mtungi wa naitrojeni, ana wa oksijeni wa kuchomelea, basi anautumia huo. Ndani ya kompresa kuna mafuta. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta, mlipuko hauhitaji hata kiberiti. Niliwahi kupanda juu ya paa la jengo moja mjini nikamkuta kijana ameshafunga mpira wa oksijeni kwenye vali ya mashine ya nje, mkono uko kwenye mtungi. Nilipiga kelele mpaka walinzi wakaja. Alinishangaa kweli, hakuwa anajua, kwani aliyemfundisha naye alifanya hivyo miaka yote. Mtungi wa oksijeni ukionekana umeunganishwa kwenye kiyoyozi, watu watoke kwanza, maswali baadaye.

Kwa hiyo, dada katibu, wiki hii mtu yeyote asiguse vali za mashine zenu. Osheni filta, zimeni ya tatu, 25 na panga boi kwa siku tano za kazi, na kila siku andika idadi ya uniti asubuhi na jioni pamoja na ujazo wa ndoo saa tano. Wenzako watalalamika siku ya kwanza, kwa sababu mwili umezoea kupigwa na baridi ukiingia mlangoni. Siku ya tatu angalia kama karatasi bado zinakwama, kisha niandikie.